Kutoka "Mbube" hadi "The Lion Sleeps Tonight": nani aliimba nini, na kwa nini mtunzi hakulipwa

Msikilizaji wa Santuri

Wakuu, heshima kwenu.

Katika uzi mmoja wa muziki wa zamani, mjumbe aliandika kwamba "The Lion Sleeps Tonight" ni wimbo wa asili wa Afrika Kusini usio na mwenyewe, na kwamba kila aliyeurudia alikuwa na haki ya kuuandikia jina lake. Nimeona suala hilo listahili uzi wake, kwa sababu wimbo huo una mtunzi anayejulikana, una studio ulikorekodiwa, una mwaka, na hata ule mstari wa sauti ambao dunia nzima huuimba unajulikana ulitoka katika jaribio la ngapi siku ya kurekodi. Kwa maoni yangu, dai hilo la "wimbo wa asili" lilimdhulumu mtunzi kuliko mtu yeyote mmoja anayelaumiwa katika kisa hiki, na nitajaribu kuonyesha lilivyofanya kazi hiyo toleo baada ya toleo.

Mtunzi ni Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 upande wa Msinga, katika Natal ya wakati ule, akasoma shule ya misheni, akachunga ng'ombe, na mwaka 1931 akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Kule mjini vijana wa Kizulu waliotoka mashambani walikuwa na mashindano ya kuimba usiku kucha, kundi dhidi ya kundi, bila ala, mbele ya mwamuzi. Linda aliingia humo na kundi la Evening Birds, na baadaye akaunda lake mwenyewe, Original Evening Birds. Lilikuwa na waimbaji sita, nadhifu, wenye suti za mistari; yeye alishika sauti ya juu kabisa, wawili walikuwa katikati, na watatu waliimba besi. Wingi huo wa besi haukuwa jambo dogo, kwa maana mazoea ya makundi ya kabla yake yalikuwa mwimbaji mmoja kwa kila sauti, na uzito wa besi zile tatu ndio unaoubeba wimbo mpaka leo, hata pale unapoimbwa na watu wasiojua ulikotoka.

Mwaka 1939 kundi lilirekodi katika studio ya Gallo, Johannesburg, chini ya Griffith Motsieloa, Mwafrika aliyeitafutia kampuni hiyo waimbaji. Jaribio la kwanza halikuridhisha, wala la pili. Motsieloa akaongeza wapiga piano, gitaa na banjo, ambao husikika kwa mbali, na jaribio la tatu ndilo tunalolisikia katika santuri. Besi zinazunguka juu ya kodi tatu, yaani mafungu matatu ya noti zinazosikika pamoja, zikirudia "mbube", yaani simba, na "uyimbube", yaani wewe ni simba. Linda anapanda juu yao kwa sauti nyembamba, mara akivuta, mara akipaaza kama mtu anayefukuza mnyama, karibu kila mzunguko kwa namna nyingine. Kisha, karibu na mwisho, anatoa mara moja tu mstari mfupi ambao hakuwa ameutayarisha. Unapita kwa sekunde chache, na msikilizaji asiyeambiwa anaweza kuukosa kabisa. Mstari huo ndio ambao miaka 22 baadaye ulivikwa maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala msituni.

Santuri iliuzwa nakala zipatazo 100,000 kufikia mwishoni mwa miaka ya arobaini, na mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube kabla jina la isicathamiya halijazoeleka. Kundi la Ladysmith Black Mambazo ni wajukuu wa mtindo huo. Linda mwenyewe alikuwa na ajira ya kufungasha santuri katika kiwanda cha Gallo. Haki zake katika wimbo zilihamia kwa kampuni kwa shilingi 10.

Upande wa pili wa bahari, mtafiti wa nyimbo Alan Lomax alipata santuri kadhaa za Gallo zilizotumwa New York, akampa rafiki yake Pete Seeger, mpiga banjo na mwimbaji wa The Weavers. Seeger aliusikiliza "Mbube" na kuandika noti zake kwa mkono. Hakujua Kizulu, na pale besi ziliposema "uyimbube" yeye alisikia "wimoweh". Toleo la The Weavers lilitoka mwanzoni mwa 1952 likiwa na okestra ya Gordon Jenkins, yenye tarumbeta nyingi kuliko zilizohitajika, na karibu halina neno jingine isipokuwa hilo moja. Hata hivyo Seeger alikuwa na masikio mazuri: ule mstari wa mwishoni mwa santuri ya Linda hakuuacha, aliuimba yeye mwenyewe kwa sauti ya juu, bila maneno, na laiti asingeuona, wimbo huu pengine ungebaki Johannesburg.

Sasa tazameni lebo ya santuri hiyo. Mahali pa mtunzi pameandikwa Paul Campbell. Mtu wa jina hilo hakuwepo. Lilikuwa jina la bandia ambalo The Weavers na mchapishaji wao, Howard Richmond, walilitumia kudai mirabaha ya nyimbo walizozichukulia kuwa za asili. Utaratibu huo ulikuwa wa kawaida New York: wimbo wa asili hauna hakimiliki, lakini mpangilio mpya wa wimbo wa asili unayo, kwa hiyo anayejiandikisha kuwa mpangaji ndiye anayelipwa. "Mbube" ulipoingizwa katika kundi hilo, fedha zilikuwa zimekwisha kupata njia nyingine kabla hata hakijatungwa kipande kimoja cha Kiingereza.

Mwezi Februari 1952, wimbo ukiwa bado katika chati, The Weavers walitajwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwa wakomunisti, na milango ya redio na kumbi ikafungwa. Walikutana tena kwa onyesho la Carnegie Hall mwaka 1955, na rekodi ya onyesho hilo ndiyo iliyowafunza "Wimoweh" vijana wengi wa Marekani. Kingston Trio waliurekodi mwaka 1959.

Mwaka 1961 The Tokens, vijana wa Brooklyn, walikwenda kujaribiwa mbele ya Hugo Peretti na Luigi Creatore, watayarishaji wa RCA Victor, wakaimba "Wimoweh". Watayarishaji waliipenda sauti ya Jay Siegel, lakini wakataka maneno, na kazi hiyo wakampa George David Weiss. Weiss ndiye aliyeuhamisha mstari wa mwisho wa Linda ukawa wimbo wenyewe, akauvika Kiingereza, akaiacha "wimoweh" ikizunguka chini yake, na juu kabisa ikawekwa sauti ya Anita Darian, mwimbaji wa opera. Kazi hiyo iliwekwa upande wa pili wa santuri iliyoitwa "Tina", kwa kuwa hakuna aliyeitegemea. Wanakundi wenyewe waliionea haya. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Tarehe 18 Desemba 1961 ilishika nafasi ya kwanza ya Billboard na kukaa hapo wiki tatu. Waandishi waliotajwa walikuwa Weiss, Peretti na Creatore. Richmond, aliyekuwa na "Wimoweh", akaafikiana nao na kubaki mchapishaji. Jina la Linda halikuwemo.

Linda alikuwa ameanguka jukwaani mwaka 1959 na hakupona. Alifariki Oktoba 1962 kwa maradhi ya figo, na kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe.

Matoleo yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu mengi hayakuongeza kitu. Karl Denver, Mskoti mwenye sauti ya kupanda na kushuka ghafla, alifika nafasi ya nne Uingereza mapema mwaka 1962 akiwapita The Tokens nchini humo, na toleo lake lina uchangamfu ambao mimi naupenda kuliko la kwao. Mwaka huohuo Henri Salvador aliuimba kwa Kifaransa kwa jina la "Le lion est mort ce soir", ambapo simba halali tena, amekufa. Wafaransa hawakumwonea huruma, na kundi la Pow Wow lilimzika upya miaka ya tisini kwa mafanikio makubwa. Robert John alifika nafasi ya tatu Marekani mwaka 1972, na mtayarishaji wake alikuwa Hank Medress, mmoja wa The Tokens, ndiyo maana matoleo hayo mawili yanafanana kama nakala. Brian Eno alitoa lake mwaka 1975. Tight Fit walishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1982, ingawa sauti kuu inayosikika ni ya Roy Ward, wala si ya kijana aliyeonekana kwenye televisheni.

Karibuni kwa hoja.

Kodi Tatu

Mkuu Msikilizaji, shukrani kwa uzi wenye kina. Mimi ni mpiga gitaa wa bendi, na nina pingamizi ambalo naomba lisichukuliwe kuwa ni kumtetea aliyedhulumu.

Umesema mwenyewe kwamba mstari ule katika santuri ya 1939 unapita kwa sekunde chache na hauna maneno ya wimbo. Aliyeutoa mkiani akauweka kichwani, akaurudia mpaka ukakaa masikioni, akautungia beti na kuupa pumzi mahali panapostahili, amefanya kazi ya utunzi. Katika bendi zetu tunalijua hilo vizuri: mtu huleta kipande, mwingine akakipa mwili, na wimbo ukapata watu wawili. Ukinipa rekodi ya Linda na ya The Tokens kwa mara ya kwanza bila historia yoyote, nitasema nimesikia nyimbo mbili zenye undugu. Je, si kweli kwamba Weiss naye ana haki yake?

Msikilizaji wa Santuri

Ndugu Kodi Tatu, Weiss ana haki, na sijaona mtu makini aliyeikana. Maneno ya Kiingereza ni yake, na uamuzi wa kuugeuza mkia kuwa kichwa ulikuwa wa fundi. Lakini mfano wako wa bendi unanisaidia mimi zaidi kuliko wewe: watu wawili, majina mawili. Hapa mleta kipande alifutwa kwa sababu kipande chake kiliandikwa kuwa ni cha wote, ilhali kila kinachoufanya wimbo utambulike kwa mluzi tu, bila neno hata moja, yaani besi zile na noti zile, kimo katika jaribio la tatu la 1939. Maneno ya Weiss unaweza kuyaondoa na mtu akautambua wimbo, na Wafaransa wamelithibitisha hilo kwa miaka sitini.

Jambo la pili ni kwamba hali hii haikuwa ya lazima. Santuri ya Gallo ilikuwa na jina la Linda na kundi lake kwenye lebo. Wimbo wa asili haupatikani kwa namna hiyo, wa mwaka mmoja, wa kampuni moja, wenye kichwa kimoja na mwimbaji mmoja. Kudhani kwamba kila kinachotoka Afrika kimetoka kwa kabila na hakikutoka kwa mtu kulikuwa ni mazoea ya enzi, na mazoea hayo yalikuwa na faida kwa waliokuwa nayo.

Mwana wa Pwani

Naomba niongeze toleo ambalo Msikilizaji ameliruka, nami naliona kuwa ni ushahidi kuliko yote.

Mwaka 1960 Miriam Makeba alitoa albamu yake ya kwanza Marekani, na ndani yake mna "Mbube", kwa jina lake hasa na kwa Kizulu. Wanaume wanaomwimbia chini ni Chad Mitchell Trio, Wamarekani, wakifanya kazi ya zile besi za Linda. Makeba hakujifunza wimbo huo kwa The Weavers. Alikulia katika miji ileile ambayo santuri ya Linda ilipigwa. Kwake wimbo haulali kabisa. Unawinda.

Sasa tafadhali tazameni kampuni iliyotoa albamu hiyo: RCA Victor. Ni kampuni ileile iliyowarekodi The Tokens mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo katika makabati ya kampuni hiyo kulikuwa na santuri yenye jina la "Mbube", iliyoimbwa na Mwafrika Kusini aliyekuwa akiishi nchini humo na ambaye angeweza kupigiwa simu. Sisemi kwamba Weiss na wenzake waliisikiliza. Nasema kwamba anayedai kuwa asili ya wimbo haikuweza kujulikana mwaka 1961 anadai jambo gumu kulithibitisha.

Na kwa wale wanaoupenda wimbo kwa sababu ya mpangilio wake, tafuteni toleo la Ladysmith Black Mambazo wakiwa na The Mint Juleps, la mwaka 1990, ambalo linaunganisha "Mbube" na "Wimoweh" bila ala yoyote. Wanaume wa Natal wanaimba sehemu yao, wanawake wa London wanaimba yao, na mtu anasikia wazi mshono ulipo kati ya wimbo mmoja na mwingine.

Banjo Lililokatika

Nimesoma yote kwa makini, lakini nashangaa mnavyomzunguka Pete Seeger kwa adabu. Mtu aliyeimba habari za haki za wanyonge maisha yake yote alipokea wimbo wa mfungasha santuri wa Johannesburg, na lebo ikaandikwa jina la mtu asiyekuwepo. Kwangu mimi huyo ni mwizi mwenye banjo.

Msikilizaji wa Santuri

Ndugu, sitakupinga kuhusu lebo. Lakini haki inataka tuseme na mengine. Seeger alipoelewa kwamba wimbo una mtunzi aliye hai, alimwagiza mchapishaji amtumie Linda fedha, na hundi ya dola 1,000 ilitumwa katika miaka ya hamsini. Aliamini kwamba malipo yangeendelea, hakufuatilia, na alipokuwa mzee alikiri hadharani kwamba alipaswa kuhakikisha. Huo ni uzembe mzito, lakini si sawa na wizi, kwa sababu mwizi hatumi hundi.

Na angalia pia kwamba fedha kubwa hazikupita kwa "Wimoweh". Zilipita kwa toleo la Kiingereza, ambalo Seeger hakuwa mwandishi wake. Ukimfanya yeye kuwa mkosaji mkuu kwa sababu ni maarufu na ana sura ya mtakatifu, unawaachia waliotia saini mikataba yenyewe waondoke kimya kimya. Mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan, ambaye makala yake katika jarida la Rolling Stone mwaka 2000 ndiyo iliyolifufua suala hili, alifuata karatasi zaidi ya nyuso, na aliyakadiria mapato ya wimbo kuwa dola milioni 15. Katika miaka hiyo mabinti wa Linda walikuwa wakiishi Soweto katika hali ngumu.

Tena kuna sehemu ya karatasi ambayo huniudhi kuliko lebo ya 1952. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilikuwa na kipindi cha kwanza cha miaka 28, kisha ikahuishwa. Na mtunzi akifariki kabla ya hapo, haki ya kuhuisha ilikuwa ya mjane na watoto, hata kama marehemu alikuwa ameuza kila kitu. Hapo palikuwa na nafasi ya pili kwa familia. Mjane wa Linda aliletewa karatasi akazitia saini, na baadaye mabinti nao wakatia zao, haki hiyo ikaenda kwa walewale.

Wakili Mstaafu

Wanangu, habari zenu. Kwa kuwa mmefika kwenye sheria, niruhusuni nieleze jinsi kesi ya familia ya Linda dhidi ya Disney ilivyopatikana, maana wengi husema "Disney walishtakiwa" bila kueleza kwa msingi gani, wakati kwa macho ya kawaida familia haikuwa na kitu mkononi. Linda aliuza. Mjane alitia saini. Mabinti walitia saini. Mwanasheria wa kawaida angefunga faili.

Profesa Owen Dean wa Afrika Kusini, bingwa wa hakimiliki, alirudi katika Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa ikitumika katika himaya nzima, Afrika Kusini ikiwamo. Ndani yake mlikuwa na kifungu ambacho wanasheria hukihusisha na jina la mwandishi Charles Dickens: mtunzi aliyeuza hakimiliki yake akiwa hai hawezi kuwa ameiuza zaidi ya miaka 25 baada ya kifo chake, miaka hiyo ikiisha, haki hurudi kwa mirathi yake, hata kama mkataba unasema vinginevyo. Kilitungwa kwa ajili ya warithi wa waandishi waliouza kazi zao kwa bei ya njaa kabla hazijajulikana thamani, na watunzi wake hawakuwa wakimfikiria Mzulu wa Johannesburg. Lakini sheria haikuandika rangi ya mtunzi. Linda alifariki 1962. Kwa hiyo mwaka 1987 haki katika "Mbube" ilirudi kwenye mirathi yake katika nchi zote zilizokuwa chini ya sheria hiyo, na aliyeutumia wimbo katika nchi hizo baada ya hapo bila ruhusa ya mirathi alikuwa na la kujibu.

Filamu ya The Lion King ilitoka 1994, na ndani yake Timon na Pumbaa wanauimba wimbo huu kwa muda mfupi. Kisha likaja onyesho la jukwaani mwaka 1997. Mwaka 2004 msimamizi wa mirathi alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Pretoria. Disney ni kampuni ya Marekani, na ili mahakama iwe na mamlaka juu yake, wadai waliomba mali yake iliyoko Afrika Kusini izuiliwe. Mali hiyo ilikuwa alama za biashara, zaidi ya 200, Mickey Mouse na Donald Duck wakiwamo. Mimi nimekaa mahakamani miaka mingi, na nakiri kwamba sijawahi kuona ombi la kuzuia mali lililonifurahisha kama la kumkamata panya yule.

Kesi haikusikilizwa. Mwezi Februari 2006 pande zote zilipatana, na upande wa pili uliolipa ulikuwa Abilene Music, kampuni iliyokuwa imewapa Disney kibali na kuwahakikishia kwamba hakina tatizo. Familia ilikubaliwa malipo kwa matumizi ya nyuma na mgao kwa ya mbele, "The Lion Sleeps Tonight" ukatambuliwa kuwa umetokana na "Mbube", Linda akatajwa kuwa mtunzi mwenza, na mfuko wa amana ukaanzishwa kupokea fedha. Kiasi hakikutangazwa. Kwa kuwa kesi ilikwisha kwa mapatano, hoja ya Profesa Dean haikupata hukumu, ingawa walioshtakiwa wasingelipa kama wangeiona kuwa nyepesi.

Namuunga mkono Msikilizaji katika hoja yake kuu, na naiongezea upande wa kisheria. Kifungu cha 1911 hakikuweza kumsaidia mtu aliyehesabiwa kuwa hayupo. Ili haki irudi kwa warithi, lazima kwanza kuwe na mtunzi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya wadai ilikuwa kuthibitisha kwamba "Mbube" si wimbo wa asili, na walichokuwa nacho ni santuri yenyewe na kumbukumbu za Gallo.

Kodi Tatu

Wakili, shikamoo. Maelezo yako yamenifungua macho, na swali langu la awali nalifunga kwa kukubali kwamba majina mawili yalistahili kuandikwa tangu mwanzo. Nina swali jingine linalotuhusu zaidi. Umesema sheria hiyo ilitumika katika himaya nzima. Je, mtunzi wa Nairobi au Tanga aliyeuza wimbo wake kwa kampuni ya santuri kwa fedha kidogo katika miaka ya hamsini naye angeweza kuingia humo?

Wakili Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Sheria ya 1911 ilifika huku pia. Kenya ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, na Tanzania mwaka huohuo. Kabla ya hapo tulitawaliwa na sheria za Kiingereza. Kwa hiyo swali lako si la nadharia, lakini jibu lake hutegemea mambo kadhaa ambayo hayafanani kwa kila wimbo.

La kwanza ni tarehe ya mkataba. Kule Uingereza kifungu hicho hakihusu mauziano yaliyofanyika kuanzia tarehe 1 Juni 1957, siku sheria mpya ya 1956 ilipoanza kutumika. Afrika Kusini kiliendelea mpaka ilipotunga sheria yake ya 1965. Na kwa kila koloni inabidi kutafuta sheria mpya ilianza lini mahali hapo na iliyaacha vipi mauziano ya zamani. La pili ni tarehe ya kifo cha mtunzi, kwa kuwa miaka 25 huanza kuhesabiwa hapo. La tatu ni kama mtunzi alikuwa mwajiriwa wa kampuni aliyetunga kama sehemu ya kazi yake ya mshahara, kwa maana hapo mwenye haki ya kwanza huwa mwajiri na kifungu hakina la kumrudishia. Linda alikuwa mwajiriwa wa Gallo, lakini alilipwa kwa kufungasha santuri, si kwa kutunga. La nne ni mahali wimbo unapotumiwa leo: kifungu kilirudisha haki katika nchi za himaya tu, na kwa Marekani ilibaki ile njia ya kuhuisha ambayo Msikilizaji ameieleza.

Anayeshika mkataba wa namna hiyo wa baba au babu yake aanze kwa kutafuta tarehe hizo mbili, ya saini na ya kifo, na santuri yenyewe yenye jina kwenye lebo, kisha amwone wakili wa hakimiliki kabla hajatia saini karatasi nyingine yoyote atakayoletewa.